TUPIME MAFUTA KWANZA, KISANDUKU BAADAYE

Ndugu wanaushirika,

Gazeti hili la ukutani halina desturi ya kumung'unya maneno, na leo halitaanza. Kwenye mkutano ujao tutaombwa tupitishe shilingi 350,000 za kununua kisanduku cha kupunguza ulaji wa mafuta wa pikapu yetu. Wapo walioshakubali mioyoni. Mimi nasema hapana, na ninakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanyoosha mkono.

Kilio chenyewe ni cha kweli. Pikapu inakunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka machungani. Dizeli ikizidi, makato ya usafiri yanazidi, na anayekatwa si injini, ni wewe na mimi. Mama aliyeleta madebe mawili ya nyanya anakatwa, na mzee aliyeleta magunia kumi anakatwa. Kwa hiyo hakuna anayebisha kwamba lazima tufanye jambo. Ubishi ni jambo gani.

Mnakumbuka yule bwana alivyokuja siku ya soko. Alitoa kisanduku kidogo kama kiberiti, akakichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, taa ya kijani ikaanza kumetameta. Akasema, "Hiki kinaifundisha kompyuta ya injini kutumia mafuta kidogo. Mtaokoa robo nzima!" Watu wakapiga makofi. Nilikuwepo, na mimi nilipiga.

Usiku nikajiuliza: kompyuta ipi, jamani? Pikapu yetu ni Hilux ya zamani ya dizeli. Dizeli yake inapimwa na pampu ya chuma inayozungushwa na injini yenyewe, ikasukumwa kwenye nozeli, basi. Hakuna kompyuta inayopima mafuta pale. Kutoka kwenye tundu la sigara hakuna waya unaokwenda kuiambia pampu punguza au ongeza. Kisanduku kinapata umeme tu, na kwa umeme huo kinawasha taa. Tutalipa shilingi 350,000 kwa taa ambayo haitoshi hata kumulikia choo!

Msidhani ni sisi tu tunaofuatwa. Marekani, idara ya serikali inayohusika na mazingira imekuwa ikivichunguza vifaa vinavyodaiwa kuokoa mafuta tangu miaka ya 1970. Imechunguza zaidi ya 100. Vipo vya sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vipo vya kuzungusha hewa, vipo vya kuchanganya hiki na kile. Haikupata hata kimoja kinachopunguza ulaji kwa kiasi kikubwa. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kimejitembeza mpaka kijijini kwetu.

Sasa nijibu hoja ninayoisikia kilabuni. Eti kuna kijana mjini, gari lake limebadilishwa programu na sasa linakwenda vizuri sana. Inawezekana. Magari mapya ya dizeli yana kompyuta inayoamua mafuta kiasi gani yaingie na wakati gani. Fundi mwenye vyombo vyake anaweza kuingia humo na kubadilisha hesabu. Lakini kazi hiyo mara nyingi hufanywa kuongeza nguvu. Mafuta yatapungua kidogo endapo dereva hataitumia hiyo nguvu, na nani kati yetu atapewa nguvu asiitumie? Nguvu ikizidi, joto linazidi, na klachi na gia zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Na mwisho wa yote, hilo ni gari la kijana wa mjini. Letu halina cha kubadilishwa programu.

Letu linahitaji fundi. Na hapo ndipo penye uchaguzi hasa. Mafundi wako wa aina mbili, na tumewahi kuwapata wote.

Yupo fundi wa bisibisi. Anafika, hasemi kitu, anafungua pampu kidogo, gari linapata mbio, dereva anafurahi. Moshi mweusi unatoka nyuma kama tanuri la mkaa. Moshi ule, ndugu zangu, ni dizeli yetu ambayo haikuungua sawasawa. Ni makato yako yanapaa angani. Mkimlalamikia, anarudi na kuibana pampu mpaka gari linashindwa kupanda mlima, dereva anakwenda na gia ya pili safari nzima, na mafuta yanakwisha vilevile.

Yupo na fundi wa vipimo. Huyu kabla hajashika spana anauliza: gari linabeba nini, linapita njia gani, moshi wake rangi gani asubuhi na rangi gani mlimani? Anaangalia chujio la hewa kama limeziba kwa vumbi. Anazungusha kila gurudumu kwa mkono aone kama breki inashika. Nozeli anazitoa na kuzipima kwenye mashine, aone kama zinarusha dizeli kama ukungu au zinadondosha kama bomba bovu. Pampu haibahatishi, anaipeleka kwenye mashine ya kupimia. Kifaa kibovu anachokitoa anakurudishia mkononi, na alichokifanya anakiandika kwenye karatasi.

Huyo wa pili hatakuahidi robo. Ukimsikia mtu anaahidi robo au nusu kabla hajafungua boneti, mpe maji anywe na umwonyeshe njia ya stendi.

Lakini hata fundi bora tusimwamini kwa macho. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kumpima fundi ni rahisi, hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita. Fanya safari za kawaida. Rudi kituo kilekile, jaza tena mpaka juu, andika lita zilizoingia. Gawanya kilomita kwa lita. Kama gari limekwenda kilomita 180 na zimeingia lita 20, basi kila lita imetupeleka kilomita 9. Fanya hivyo mara tatu kabla ya matengenezo na mara tatu baada yake, kwa njia ileile na mzigo unaolingana, maana safari moja ya mvua na matope inaweza kukudanganya. Fundi alipwe nusu akimaliza kazi, na nusu daftari likisema. Anayekataa sharti hilo amejijibu mwenyewe.

Na yule bwana wa kisanduku, tumwambie hivyohivyo: kiache siku ishirini, tukipime, kikifaa utalipwa. Mimi nilimwambia pale pale sokoni, baada ya makofi kwisha. Alicheka, akasema bei ya leo si ya kesho.

Nimewasema wageni. Sasa tujiseme wenyewe, maana nyani haoni kundule.

Hivi ni nani aliyeangalia upepo wa matairi ya pikapu mwezi huu? Matairi yote yakipungua vipimo kumi vya upepo, kama asilimia 2 ya mafuta inapotea, na tairi lenyewe linakwisha upande. Pampu ya upepo tunayo ghalani, imening'inizwa kama picha. Hivi ni nani anayeacha injini ikinguruma saa nzima sokoni wakati mzigo unashushwa? Gari lililosimama na injini inawaka linakwenda kilomita sifuri kwa kila lita. Hivi ni nani anayepakia abiria na magunia yake juu ya mzigo wa ushirika, halafu anashangaa gari linalemewa mlimani?

Na tuseme lile linalosemwa chini chini. Daftari la safari lilikuwepo, na likaacha kuandikwa. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba bila daftari, safari ya msibani, safari ya harusini na safari ya kubeba matofali ya mkubwa fulani zote zinaitwa jina moja: "gari linakula mafuta." Injini haina mdomo wa kujitetea. Kisanduku cha shilingi 350,000 hakiwezi kuponya safari ambayo haikuandikwa.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne mbele ya mkutano:

1. Fedha za kisanduku zisipitishwe.

2. Daftari la safari lirudi, liandikwe na dereva, lisainiwe na katibu, na kila Jumamosi hesabu ya kilomita kwa lita ibandikwe hapa ukutani, kila mwanachama aione.

3. Matairi yapimwe upepo kila wiki, na chujio la hewa lifunguliwe na kuangaliwa kila mwezi wakati wa vumbi.

4. Baada ya vipimo vitatu vya kwanza, tutafute fundi wa nozeli na pampu mwenye mashine, kwa masharti niliyoyataja.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, sijaandika haya kwa ubaya. Gari ni letu sote, na jasho lililolinunua ni la wote. Asiyekubaliana nami aandike jibu, nafasi iko hapa pembeni ya karatasi. Ila aje na kilomita na lita. Asije na taa ya kijani.

Mwanachama mwenzenu