Tuliweka Bunduki Chini, Tukainua Simu

Binamu yangu anaishi Pennsylvania. Kila Novemba, msimu wa kuwinda kulungu ukifika, jamaa mmoja wa kazini kwake humchukua wakaingia msituni. Si kulungu wetu wa Aberdare; hawa ni wale wa Marekani wenye mkia mweupe. Mara ya kwanza binamu alidhani wataingia, wafyatue risasi, warudi na nyama. Wapi! Siku ya kwanza hawakubeba hata bunduki. Walienda kuchunguza tu, na jamaa alimpa masharti mengi kuliko mama mkwe.

Kwanza upepo. Kama unavuma kutoka kwako kwenda kwa mnyama, geuka urudi, maana pua yake itakujua kabla jicho lako halijamwona. Usitembee kwenye njia yake. Usisogelee pale anapolala mchana. Soma nyayo, soma mavi, soma miti aliyoikwangua kwa pembe, kisha uondoke. Mengine yaangalie kwa darubini kutoka mbali, ama ufunge kamera kwenye mti, na hata hiyo kamera usiende kuikagua kila siku. Kulungu akigundua kuna mtu anazurura kwake, anaanza kutembea usiku pekee, na msimu wako umeisha hapo.

Binamu akinisimulia haya kwa simu, mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimetoka Maasai Mara.

Tulikuwa wasee saba, tumechanga pesa, tumekodi vani ya kufungua paa. Asubuhi redio ya dereva ikalia: kuna mama duma ameonekana, ana watoto watatu. Dereva akakanyaga mafuta. Tulipofika nilihesabu magari 14. Kanuni za Mara zinasema yasizidi 5 kwa mnyama mmoja, na yakae umbali wa mita 25. Sisi tulikuwa karibu hadi tunamwona akihema.

Mama alikuwa anawinda. Kichwa chini, mabega juu, hatua moja, anatulia. Mbele yake swala tomi walikuwa wanakula nyasi. Kisha vani moja ikakata mbele ili abiria wapate picha nzuri. Swala wakainua vichwa, wakatimka. Sisi sote tukasema "aaah!" kama vile mpira umegonga mwamba wa goli. Halafu tukageuza simu, tukapiga selfi, duma akiwa nyuma yetu na njaa yake. Mimi pia nilipiga. Bado iko kwa simu yangu.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na tangu hapo tunaishika ile sheria kama cheti cha tabia njema. Wazungu wa bunduki ndio wabaya; sisi tunaangalia tu, na kuangalia hakuui. Nani alikwambia? Mtafiti Femke Broekhuis alifuatilia duma wa Mara, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Sehemu zenye watalii wachache, mama duma alilea kwa wastani watoto 2.3 kwa kila uzao hadi wakaweza kujitegemea. Sehemu zenye watalii wengi, 0.2. Hakuna aliyesema magari yaliwakanyaga. Lakini mama anayenyimwa windo leo, na kesho, na kesho kutwa, atawalisha nini?

Najua majibu yenu, kwa sababu nilikuwa nayo. Eti wanyama wamezoea magari. Ndiyo, duma hakimbii akiliona gari. Hata wewe umezoea msongamano wa Thika Road. Je, haukuchelewesha kazini? Eti dereva ndiye mwenye makosa. Dereva anajua kanuni kuliko sisi. Pia anajua kwamba akikaa mbali, hapewi bakshishi, na jioni kuna mtu ataandika kwamba safari ilikuwa mbovu. Tunamlipa avunje kanuni, kisha tunamlaumu kwa kuzivunja. Eti pesa za utalii ndizo zinalinda mbuga. Kweli kabisa. Ndiyo maana ni ujinga kumaliza kile tunacholipia kukiona.

Sisemi turudishe uwindaji. Marufuku ibaki. Ninachosema ni kwamba yule jamaa wa Pennsylvania, mwenye nia ya kuua, anamheshimu mnyama kuliko mimi niliyekwenda na nia ya kupenda. Yeye akikosea, anarudi nyumbani bila nyama. Mimi nikikosea, duma ndiye analala njaa, nami narudi hotelini kula chapati. Kosa lisilokugharimu hulijui kama ni kosa.

Na tusidhani ujuzi huu ni wa Marekani. Wawaata wa upande wa Tsavo waliwinda ndovu kwa upinde na mshale wa sumu. Humfikii ndovu karibu hivyo kama hujui upepo unavuma wapi na mguu unaukanyagisha wapi. Tuliita ujuzi huo ujangili, tukaufungia jela, na hatukubakisha hata sehemu ile ya kunyamaza.

Kwa hiyo safari ijayo, kabla injini haijawashwa, mwambie dereva: "Mzee, tukikuta magari matano, tupite. Ukikaa mbali, bakshishi yako iko pale pale." Beba darubini, hata moja ya kupokezana inatosha. Duma akianza kuinamisha kichwa, zimeni injini, mfunge midomo. Huenda mkarudi Nairobi bila picha. Wawindaji hurudi mikono mitupu kila msimu, na hawajafa.