Kusoma Maisha ya Wenye Heri

Watoto wengi hudhani ya kuwa kitabu cha maisha ya Mtakatifu ni kama adhabu: husomwa wakati wa Kwaresima, na siku ya Pasaka hufungwa. Wanakosea. Nani alaye siku arobaini tu kwa mwaka?

Ignasi wa Loyola alikuwa askari wa Hispania, mpenda sifa na mavazi mazuri. Mwaka 1521, katika mapigano ya mji wa Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Akiwa amelala nyumbani mgonjwa, aliomba hadithi za mashujaa wa vita. Hazikuwamo. Akapewa maisha ya Yesu na ya Watakatifu, akayasoma kwa kukosa kingine. Ndipo akatambua jambo. Alipowaza vita na sifa, alifurahi kitambo, kisha moyo ukabaki mkavu. Alipowaza matendo ya Watakatifu, furaha ilikaa hata baada ya kufunga kitabu. Mtoto naye aweza kujipima hivyo hivyo, wala hana haja ya kuvunjika mguu kwanza.

Lakini mtoto wa Uvira atasema: Hispania ni mbali. Ana haki. Basi na aanze na walio karibu. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza watu wanne kuwa Wenye Heri kwa niaba ya Papa Fransisko. Watatu walikuwa Wamisionari Waxaveri kutoka Italia: Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin. Wa nne ni Padri Albert Joubert, aliyezaliwa mwaka 1908 kando ya ziwa hili hili, upande wa Moba. Baba yake Mfaransa, mama yake Mkongo.

Waliuawa wote siku moja, tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba. Kule Baraka Bruda Vittorio aliamriwa kupanda gari. Akakataa, akapigwa risasi mbele ya kanisa. Padri Luigi alikuwa ndani akiungamisha watu. Akatoka, akaamriwa apande naye. Hakupanda. Alipiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, akauawa papo hapo. Jioni wauaji walifika Fizi, wakawaua Padri Giovanni na Padri Albert.

Wasomaji wengi hutazama damu tu, wakairuka ile saa ya maungamo. Ilikuwa Jumamosi, na padri alikuwa kazini mwake kama Jumamosi nyingine. Moyo wa kubaki na mwenzake haukuzaliwa mbele ya bunduki. Ulifanyizwa katika siku nyingi zisizo na habari. Hapo ndipo mtoto aonapo pa kuanzia. Yamkini kesho hataona bunduki. Ila kesho darasani watamcheka mtoto mkimbizi kwa ajili ya nguo zake, naye itampasa kuchagua akae karibu na nani.

Ukurasa mmoja kabla ya sala ya jioni watosha, ukisomwa polepole. Na huko Baraka na Fizi wangaliko wazee waliokuwa watoto mwaka ule wa 1964. Mtoto akimaliza kitabu, na aende awasalimu kwa heshima, awaulize yale ambayo kitabu hakikuandika.