Filamu Zetu Bora Zimelala Kabatini

Mwaka ukielekea ukingoni, wapenzi wa sinema tunapandwa na homa yetu ya kupanga orodha. Kumi bora za mwaka, hamsini bora za karne, mia moja za kutazama kabla hujafa. Watu wanashikana mashati kwa sababu The Godfather imewekwa ya pili badala ya ya kwanza, na baadhi yao hawajawahi kuimaliza. Sina ugomvi na orodha. Nami naugua homa hiyo hiyo. Ugomvi wangu ni na kijana wa Sinza au wa Buruburu anayekutajia filamu zote za Christopher Nolan kwa mpangilio wa miaka, lakini ukimuuliza ni riwaya gani ya Kiswahili angependa kuiona kwenye skrini, anakutumbulia macho tu.

Na ugomvi mkubwa zaidi ni na watayarishaji wa filamu. Hao ndio niliowakusudia leo.

Kila wadau wa filamu wakikutana, wimbo ni ule ule: hatuna hadithi, hatuna waandishi wa skripti, hatuna fedha. Nasema bila kumung'unya maneno: hadithi zipo. Zimeandikwa, zimehaririwa, zimechapishwa, zimefundishwa darasani na kutungiwa mitihani kwa zaidi ya nusu karne. Zimelala kabatini zinakula vumbi, na wenye kamera wanapita pembeni wakilia njaa.

Tuanze na hizo orodha mnazoziabudu. Jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound huwapigisha kura wahakiki wa dunia nzima kila baada ya miaka 10 tangu 1952. Katika kura hizo nane, taji limekwenda kwa filamu nne tu: Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica mwaka 1952, Citizen Kane ya Orson Welles mara tano mfululizo kuanzia 1962, Vertigo ya Alfred Hitchcock mwaka 2012, na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman mwaka 2022. Sasa angalia. Ile ya De Sica ilitokana na riwaya ya Luigi Bartolini. Ile ya Hitchcock ilitokana na riwaya ya Wafaransa wawili, Pierre Boileau na Thomas Narcejac. Nusu ya mabingwa hao walizaliwa vitabuni. Na The Godfather mnayotoana nayo macho ni riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969, iliyofika kwenye skrini mwaka 1972. Wakubwa wa fani hawakuona haya kwenda maktaba. Haya tumeona sisi.

Matokeo yake kila mtu anayajua. Sebule yenye makochi makubwa, mume amechelewa kurudi, simu inaita, mke anaipokea, sauti ya mwanamke inasikika upande wa pili. Mama mkwe anaingia bila hodi. Dakika kumi baadaye tuko kwa mganga, na dakika kumi tena tuko makaburini. Jina la filamu ni la Kiingereza, maneno yote ni ya Kiswahili. Enzi za DVD ilikuwa mbaya zaidi: kisa kisichojaza saa moja kilivutwa mpaka kikawa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, ili mnunuzi atoe fedha mara mbili kwa ugomvi mmoja wa sebuleni.

Mgala muue na haki yake umpe. Girlfriend ya George Tyson ilipotoka mwaka 2003 ilionyesha kwamba Mtanzania yuko tayari kumtazama Mtanzania mwenzake. Na Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, Dar es Salaam ilisimama; maelfu walimsindikiza mpaka Kinondoni. Hayo yalikuwa mapenzi ya kweli ya watazamaji kwa msanii wao. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba filamu zetu zilidorora kwa kukosa watu. Watu walikuwepo, wakachoka kuoneshwa sebule ile ile.

Fedha nazo? Satyajit Ray alipoamua kuigeuza riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, Pather Panchali, kuwa filamu, hakuwa na mfadhili. Aliweka rehani vito vya mkewe. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, hakuwahi kushika kamera ya sinema kabla ya hapo. Kazi ilisimama na kuanza upya kila fedha ilipokatika, mpaka serikali ya Bengali Magharibi ilipoingilia kati. Filamu ikatoka mwaka 1955, na leo huwezi kuisimulia historia ya sinema ukairuka. Ray hakuwa na fedha. Alikuwa na kitabu kizuri, na alijua kukisoma.

Kama India ni mbali, twende Senegali. Ousmane Sembène alikuwa mwandishi aliyekwishajipatia jina kwa Kifaransa. Akaona kwamba wengi wa watu aliowaandika hawawezi kumsoma. Akaenda Moscow kujifunza sinema, akarudi kugeuza kazi zake mwenyewe: La Noire de... ya 1966 kutoka kwenye hadithi yake fupi, Mandabi ya 1968 kutoka kwenye kitabu chake, tena wahusika wakizungumza Kiwolofu, kisha Xala ya 1975. La Noire de... ilitajwa katika mia moja bora za Sight and Sound mwaka 2022, pamoja na Touki Bouki ya Msenegali mwenziwe, Djibril Diop Mambéty. Sembène ilimbidi avuke kutoka lugha ya mkoloni kwenda lugha ya sokoni ndipo awafikie watu wake. Sisi tunaanzia mbele yake, maana vitabu vyetu viko tayari katika lugha ya watazamaji wetu. Mazungumzo yameshaandikwa kwa Kiswahili ambacho mama ntilie wa Kariakoo na nahodha wa Lamu wote wanakielewa. Hakuna bara zima la Afrika anayeanza kazi hii na mtaji wa lugha kama huu, na hakuna anayeuchezea kama sisi.

Tukizubaa, wengine hawatuzubalii. Hollywood ilikuja Kenya na kitabu cha Karen Blixen, ikapiga Out of Africa mwaka 1985, ikaondoka na Oscar saba. Nchi yetu ilikuwa mandhari: vilima vya Ngong, simba, machweo. Farah, Msomali aliyekuwa mkono wa kuume wa Blixen, aliigizwa na Malick Bowens, mwigizaji wa Mali. Usiposimulia chako, utasimuliwa, na katika simulizi ya mwenzio wewe ndiwe unayepeleka chai.

Wapo watakaosema haya ni ndoto za msomaji wa vitabu. Ndoto ilishatimia mara moja. Mwaka 2021 Amil Shivji aliipeleka Vuta N'kuvute kwenye tamasha la Toronto. Ni riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, hiyo hiyo iliyowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Mwaka uliofuata Tanzania ikaiteua kuwania Oscar, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Unguja ya miaka ya 1950 ilirudi hai: Yasmin aliyeozwa kwa mzee, Denge mwenye siasa zinazowanyima polisi usingizi, na Mwajuma, aliyechezwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu aliyeingia kwenye nafasi ile kama aliyezaliwa nayo. Hapakuwa na sofa. Palikuwa na vichochoro vya Mji Mkongwe, jasho, mwanga wa taa ukutani, na watu wanaopendana huku serikali ikiwawinda.

Na bado wapo waliotoka ukumbini wakinung'unika: kitabuni kulikuwa na hili, mbona filamu imelikata? Hao nao nina neno lao. Ndugu zangu, filamu haikuja kukusomea kitabu. Riwaya ina kurasa mamia, filamu ina saa mbili. Coppola aliiacha nje sehemu kubwa ya mambo ya Lucy Mancini na ya Johnny Fontane yaliyomo katika kitabu cha Puzo, na hakuna anayelia. Spielberg alipotengeneza Jaws mwaka 1975 alifuta kabisa uhusiano wa siri uliokuwa kitabuni kati ya Hooper na mke wa Brody. Papa akabaki na filamu yake. Kazi ya muongozaji ni kuutafuta moyo wa kitabu na kuukatia njia, hata kama njia hiyo inapita juu ya sura nne alizozipenda mwalimu wako wa fasihi. Muulize kama moyo upo. Ukiupata, mwache apumue.

Sasa orodha yangu. Hizi ndizo filamu bora za Kiswahili ninazozisubiri ukumbini.

Ya kwanza ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa kusema waziwazi yanayowapata wasichana. Mtazame Zakaria, mlevi wa Ukerewe, ameikamata barua ambayo kijana Charles amemwandikia binti yake Rosa. Ningempa kazi hii muongozaji mwenye subira. Kamera ikae chini, usawa wa macho ya wadogo zake Rosa. Tusiione fimbo, tuione barua mkononi mwa baba, tumwone Regina, mama yao, akigeuza uso, tusikie ziwa kwa mbali. Hofu ya Rosa kwa wanaume imepandwa hapo, na filamu nzima iwe ni mavuno yake, kutoka kijijini mpaka shule ya bweni, mpaka chuoni Morogoro, mpaka mwisho wake mchungu. Hakuna mganga anayehitajika. Baba anatosha.

Ya pili ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake, Najum pembeni yake, maiti kwenye mzimu, na kijiji kizima kikiamini mashetani ndiyo yameua. Waingereza wamemtafuna Sherlock Holmes miaka nenda rudi na hawajashiba. Sisi tuna mpelelezi wetu mwenye bongo linalochemka, na amekaa pale pale tulipomwacha.

Ya tatu ni Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Wale wanaotaka magari, bastola na warembo, haya, Willy Gamba huyo! Jasusi wa Kiafrika aliyesomwa mabasini na mabwenini katika miaka ya sabini, zama za harakati za ukombozi wa kusini mwa bara hili. Mnakwenda kuiga filamu za watu wa nje za nini?

Ya nne ni Kuli, ya Adam Shafi tena, kuhusu Rashidi na wachukuzi wa bandarini walioigomea serikali ya kikoloni Unguja mwaka 1948. Ya tano ni Siku Njema ya Ken Walibora: mtoto wa mwimbaji wa Tanga anayefunga safari mpaka Kenya kumtafuta baba aliyemzaa. Hiyo ni filamu ya barabara ambayo Mtanzania na Mkenya wanapaswa kuitengeneza pamoja. Ya sita ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Mtu amewapa watu maji na imani, vita vya Majimaji vimeshamwaga damu, na Wajerumani wanataka aseme tu kwamba maji yale yalikuwa uongo. Mwigizaji anayeweza kubeba uso wa mtu huyo katika dakika tano za mwisho, jina lake halitafutika.

Najua mtakimbilia kwenye hakimiliki. Hakimiliki si ukuta, ni mlango wenye mwenyewe. Nenda kwa mchapishaji, tafuta familia ya mwandishi, andika mkataba, lipa. Msikwapue halafu mkabadilisha majina ya wahusika. Na wachapishaji nao waache kukaa kusubiri kitabu kiwekwe kwenye mtaala ndipo wakumbuke wanacho; wavipeleke vitabu vyao kwa waongozaji, wavinadi. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao utenge fungu kwa ajili ya mtu anayekuja na riwaya mkononi na mkataba uliosainiwa, kabla ya yule anayekuja na picha ya bango tu.

Nanyi mashabiki wenzangu, mkipanga orodha zenu mwaka huu, acheni nafasi moja. Andikeni humo kitabu cha Kiswahili mnachotaka kukiona kwenye skrini, kisha mkipigie kelele mpaka wenye kamera wasikie.

Mtayarishaji, kabla hujaandika tena kisa cha mume na nyumba ndogo, ingia duka la vitabu ukae na rafu ya riwaya za Kiswahili kwa wiki moja. Ukitoka humo ukiwa bado huna hadithi, basi tatizo si fedha wala soko. Tatizo ni wewe, na ni bora ukatafuta kazi nyingine.