Ukuta Mmoja, Jamaa Mbili

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya kelele za majirani. Labda wengine watasema ya kwamba jambo hili ni dogo, lisilostahili kuandikwa gazetini. Lakini sisi twaona ya kwamba jamaa nyingi za Bunia hukosa usingizi kwa ajili yake. Watoto hushindwa kujifunza masomo yao, wagonjwa hawapumziki, na watu waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi hufika siku ya kutotazamana usoni. Jambo lenye matunda machungu namna hii si dogo.

Sababu ya kwanza yajulikana kwa wote: mji umejaa. Vita vya Ituri vya miaka 1999 hadi 2003 viliwafukuza watu wengi vijijini. Tena, tangu mapigano yalipoanza upya katika Djugu mwezi wa Desemba 2017, jamaa nyingi zilikimbilia Bunia na kutafuta mahali pa kulaza watoto. Parseli iliyokaliwa zamani na jamaa moja leo yaweza kuwa na jamaa tano au sita. Katika Mudzipela, Nyakasanza, Lumumba na mitaa mingine, mwenye parseli hujenga mstari wa vyumba vya kupangisha, mlango kando ya mlango, ukuta juu ya ukuta. Na pale penye Boulevard de la Libération majumba ya ghorofa yamesimama, maduka chini na watu juu. Basi mwenye kutafuta nyumba hujiuliza: ipi yenye utulivu zaidi, ya mstari au ya ghorofa?

Swali hili si geni duniani. Katika Roma ya kale maskini walikaa katika majumba ya ghorofa yaliyosongamana, na sheria ya wakati wa Julius Caesar, mwaka 45 kabla ya Kristo, ilizuia magari ya mizigo kupita mjini karibu mchana kutwa. Mchana ukapata nafuu, nao usiku ukajaa ngurumo za magurudumu. Mshairi Juvenal alilalamika ya kwamba wagonjwa wa Roma hufa kwa kukosa usingizi. Katika nchi yetu, serikali ya Kibelgiji iliunda mwaka 1952 Office des Cités Africaines, nayo ikajenga maelfu ya nyumba katika miji mikubwa, kama zile za Bagira huko Bukavu. Na kule Zanzibar, katika miaka ya 1970, majumba marefu ya ghorofa yalijengwa Michenzani kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na watu waliozoea ua wakahamia juu. Kila mahali jamaa zilipokaribiana, sharti zilijifunza upya jinsi ya kukaa.

Ili kulijibu swali letu, yafaa kwanza kujua ya kwamba kelele husafiri kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hewa: ndiyo njia ya maneno, ya redio, ya kilio cha mtoto. Njia ya pili ni mwili wa nyumba yenyewe: kisigino kikigonga sakafu, kinu kikitwangwa, kiti kikiburutwa, mshindo huingia katika saruji na kutoka upande wa pili. Ukuta mzito huizuia vema kelele ya hewa. Lakini sakafu ya saruji, ijapokuwa nzito, hupitisha vishindo.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Akaaye katika nyumba ya mstari ana jirani kuume na kushoto, wala hana mtu juu ya kichwa chake. Akaaye ghorofani ana jirani pande zote, na wa juu ndiye amchoshaye kuliko wote, hata akiwa mtu mpole asiyetaka ugomvi. Mama atwangaye sombe alfajiri juu ya ardhi ya ua hamsumbui mtu sana. Mama huyo huyo akitwanga katika ghorofa ya pili, jamaa ya chini yake hudhani ya kwamba dari yaanguka. Kosa si la mama peke yake. Kinu kile kiliumbwa kwa ajili ya ardhi, si kwa ajili ya sakafu iliyo dari ya mtu mwingine.

Lakini msifanye haraka kusema ya kwamba nyumba ya mstari imeshinda. Hapa kwetu nyumba nyingi za namna hiyo zina ugonjwa mmoja uliofichika. Mjenzi hupandisha ukuta wa kati mpaka kimo cha mlango au kupita kidogo, kisha huuacha. Juu yake kuna mbao na mabati, na nafasi wazi inayotoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Maneno yasemwayo kitandani hupanda, hupita juu ya ukuta, na kushuka kwa jirani. Mume na mke hawawezi kushauriana juu ya fedha au ugonjwa bila mstari mzima kusikia. Hii si kelele tu, ni kuondolewa kwa siri ya ndoa.

Tutoe hesabu ndogo. Wataalamu hupima sauti kwa desibeli. Watu wakiongea kwa kawaida, sauti yao huwa kama desibeli 60. Ukuta wa matofali ya kuchoma, uliopigwa lipu pande zote mbili, waweza kupunguza kama desibeli 45. Jirani hasikii ila mnong'ono. Lakini tundu likiachwa, hata likiwa sehemu moja tu katika 100 za ukuta, ukuta ule hauwezi tena kupunguza zaidi ya desibeli 20. Basi desibeli 40 hupita, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 1999 ya kwamba chumba cha kulala kisizidi desibeli 30. Mwenye parseli ametumia fedha nyingi kununua matofali, kisha ameipoteza faida yake kwa kukosa mistari michache ya mwisho. Heri aupandishe ukuta mpaka ufikie mabati, azibe kila mwanya kwa udongo au saruji, na kupiga lipu. Kazi hiyo ni ya siku chache, na wapangaji watakaa miaka.

Tena nyumba ya mstari ina ua wake, na ua una mambo yake: jenereta ya mmoja, redio ya mwingine, pikipiki inayowashwa saa kumi ya alfajiri. Jenereta haifai kuwekwa chini ya dirisha la mtu. Iwekwe mbali, mdomo wa moshi uelekezwe pasipo watu, na izimwe saa iliyopatanwa. Moshi wake huua, kwa hiyo mtu asiifungie chumbani kwa kutaka kupunguza sauti. Nao wakaao ghorofani watandike mikeka au mazulia, wavae ndara laini, wafunge vipande vya mpira au nguo chini ya miguu ya viti, na kinu wakipeleke chini.

Sasa tuwaambie ndugu zetu wapangaji neno moja la busara. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga yakataza garanti ya nyumba ya kukaa kuzidi kodi ya miezi 3. Hata hivyo miezi mitatu ni fedha nyingi kwa baba wa jamaa, na ikiisha kulipwa ni vigumu kuhama. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mtu aitembelee nyumba mara mbili, mchana na tena usiku. Atazame juu: je, ukuta wafika mabati? Asikilize: je, kuna nganda karibu, au nyumba ya sala yenye vipaza sauti? Amwulize mpangaji wa jirani, si mwenye nyumba peke yake. Tena ajue ya kwamba dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano yamtaka mwenye nyumba kumwezesha mpangaji kukaa kwa amani. Si haki kwa mwenye parseli kupokea kodi kila mwezi, na kusema ya kwamba amani ya parseli haimhusu.

Juu ya nyumba za sala twasema kwa heshima, kwa kuwa jambo hili latugusa sisi sote tunaosali. Mkesha ni jambo jema, na nyimbo ni jambo jema. Lakini vipaza sauti vikielekezwa nje usiku kucha, mgonjwa wa jirani hapati sala bali adhabu. Vielekezwe ndani, vipunguzwe baada ya saa tatu ya usiku, na sala haitapungua nguvu.

Twajua pia ya kwamba kelele zote si sawa. Mtoto mchanga hulia, mgonjwa huugua, wafiwa huomboleza katika matanga. Hizo ni sauti za maisha, nasi twaombwa kuzivumilia, maana kesho zitatoka kwetu. Mwenye arusi au matanga akiwapasha majirani habari mapema, nusu ya hasira yao huisha kabla ya ngoma kuanza. Na iko sauti moja ambayo kila mtu yampasa kuisikia. Katika miji mingi ya mashariki, wezi wakivamia nyumba usiku, watu hupiga sufuria na filimbi ili majirani waamke na kusaidia. Mtaa uliozoea makelele usiku kucha hautaisikia sauti hiyo. Anayefungulia redio yake mpaka usiku wa manane huwafunika masikio watu ambao siku moja atawaita wamwokoe.

Hatimaye tuseme juu ya namna ya kulalamika, kwa kuwa hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Usiende kugonga mlango usiku ule ule, moyo wako ukiwaka. Ngoja asubuhi. Nenda peke yako, wala usifuatane na kundi, maana kundi huonekana kama vita. Salimu kwanza, uliza habari za watoto, kisha sema neno lako kwa kifupi: “Ndugu, jana mtoto wangu hakulala, twaomba redio ipunguzwe saa tatu.” Mara nyingi jirani hakujua kabisa ya kwamba sauti yake yafika kwako. Asiposikia, mwendee mwenye parseli, kisha mkuu wa nyumba kumi, kisha mkuu wa mtaa. Polisi wawe wa mwisho.

Na juu ya yote, usiseme hata mara moja: “Watu wa kabila lile ndivyo walivyo.” Katika mstari mmoja wa vyumba vya Bunia waweza kuwapo Mhema, Mlendu, Mualuri, Mubira na Munande. Mwenye redio ni mtu mmoja mwenye redio, si kabila. Ituri imekwisha kulipa damu nyingi kwa ajili ya maneno ya namna hiyo, na watoto wasikilizao nyuma ya ukuta mwembamba huyashika upesi kuliko masomo ya shule.

Basi, ipi bora? Kwa jamaa yenye watoto wadogo na kinu cha sombe, sisi twachagua nyumba ya mstari, ila ukuta wake ufike mabati na ua wake uwe na mapatano. Kwa watu wachache wenye mwendo wa taratibu, ghorofa yafaa, hasa ile ya juu kabisa, wakikubali ngurumo ya mvua juu ya bati. Wahenga walisema ya kwamba vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Lakini mama mwenye akili huweka kitambaa kati ya sahani na sahani. Jioni ya leo, katika kila parseli, wapangaji na wakutane robo saa tu, wapatane saa ya kuzima jenereta na saa ya kupunguza redio, na usiku uwarudie wenye kulala.