Mistari Mitatu Pembeni mwa Kioo

Mgeni akibisha hodi hukaribishwa na kuonyeshwa pa kuketi. Haachwi uani akihangaika. Ndivyo ipasavyo kuwa hata katika tovuti.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, alihitaji fomu ya madai ya marehemu mumewe. Ofisi aliyokwenda ilimjibu kuwa fomu imo katika tovuti. Jioni nzima alishika simu akipandisha na kushusha ukurasa. Akaziona picha za viongozi na habari za semina, lakini fomu asiione. Kesho yake alikwenda steshenari. Kijana wa pale aligusa mistari mitatu iliyo pembeni mwa kioo, yakashuka majina: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Huduma, Machapisho. Akagusa Machapisho, kisha Fomu. Mama akalipa, tena baada ya kueleza mambo ya marehemu mbele ya wateja asiowajua.

Mistari ile ndiyo mlango wa menyu, yaani orodha ya yaliyomo. Kwenye kompyuta orodha hiyo hutandazwa juu ya ukurasa. Kwenye simu, kwa ufinyu wa kioo, hukunjwa ikafichwa nyuma ya alama hiyo. Alama yenyewe ilibuniwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, iliyotolewa Marekani mwaka 1981, ili ifanane na orodha iliyopangwa mstari chini ya mstari. Lakini asiyefundishwa maana yake huidhani pambo.

Wenye tovuti nao wana wajibu. Mwananchi hatafuti kurugenzi wala kitengo. Anatafuta fomu, ada, au mahali pa kupeleka malalamiko. Basi majina ya menyu yataje haja yake, yawe machache, na yakae pale pale katika kila ukurasa, ili aliyepotea aweze kurudi Mwanzo.

Nasi majumbani tusingoje. Leo baada ya chakula, kijana mwenye simu akae na bibi yake, amwonyeshe mistari ile mitatu, kisha amwachie aiguse kwa kidole chake mwenyewe. Kuuliza si ujinga, na kufundisha mzazi si kumkosea adabu.

Jirani yangu amekwisha kujifunza. Fomu ya pili aliitafuta mwenyewe, sebuleni kwake, wala hakumlipa mtu.