MASHINI NI YA NANI?



Kuna neno linalosemwa sana na wakubwa siku hizi, kwamba mashini haina ubaya, mbaya ni mfanya kazi asiyetaka kujifunza. Mimi nakubali kuwa mashini haina ubaya. Lakini nauliza: faida inayotoka katika mashini hugawanywa na nani, tena mbele ya nani?

Tutazame reli yenyewe. Mwaka 1955 na 1956 zililetwa injini 34 za moshi kutoka Manchester, zile kubwa za daraja la 59 zenye majina ya milima. Moja yao, Mount Gelai, imesimama katika makumbusho ya reli hapa Nairobi. Injini ile ilitaka watu. Ilibidi iwashwe saa nyingi kabla ya safari, ioshwe boila, inyweshwe maji njiani, na iwe na mtu wa moto pamoja na dereva. Kila kituo cha maji kilikuwa na watu wake, na penye watu wa mshahara hapakosi mwenye kuuza chai. Mwaka 1960 dizeli zikaanza kuingia. Dizeli haiombi maji, ilipita tu. Kazi ya mtu wa moto ikafa, na ya boila ikaifuata, wala watu wale hawakuwa wavivu wala wajinga.

Bandarini mambo yalikuwa makali zaidi. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani mmoja, Malcom McLean, alituma makontena 58 kwa meli Ideal X kutoka Newark kwenda Houston. Hesabu inayotajwa ya wakati ule ni kwamba kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu dola 5 na senti 86, na kwa kontena chini ya senti 16. Fikirini, ndugu. Zile dola tano na zaidi katika kila tani hazikuzama baharini. Sehemu kubwa ilikuwa mshahara wa kuli, ikahamia kwa mwenye meli, mwenye kreni na mwenye bidhaa. Hapa Kilindini pia, gunia la kahawa lililokuwa likibebwa mgongoni sasa huingia katika kontena pamoja na wenzake 300, na kreni hulinyanyua kontena zima mara moja.

Wenye elimu hufundisha kwamba utajiri hutoka katika ardhi, kazi ya mtu, na mali, yaani fedha na vyombo. Mashini ya namna hii inapoingia, fungu la mali huongezeka na fungu la kazi hupungua, isipokuwa awepo wa kulizuia. Hiyo si amri ya Mungu, ni mapatano ya watu. Mwaka 1960 makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, chini ya kiongozi wao Harry Bridges, hawakuikataa mashini. Waliiuza. Wenye meli walikubali kutoa dola milioni 29 kwa muda wa miaka mitano na nusu, ili wanachama wasifukuzwe kwa ajili ya mashini, na wazee wapate kustaafu mapema. Lakini vibarua wasio wanachama kamili waliachwa nje ya mapatano yale. Hapo ndipo walipokosea, na sisi wenye vibarua wengi kuliko wao tusilisahau jambo hilo.

Wako wanaosema tuchome. Mwaka 2023 mashini za kuchuma chai zilichomwa Kericho. Hasira yao naielewa kabisa. Lakini mwenye shamba aweza kuwa na bima ya mashini yake. Mchuma chai ana bima gani? Huko Uingereza, wafumaji walipovunja mashini, Bunge liliweka hukumu ya kifo mwaka 1812, na mashini ziliendelea kuja.

Na sheria yetu inatulinda kiasi gani? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema anayepunguzwa alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Basi aliyetumika miaka 20 anapata siku 300. Hata mwaka mmoja haufiki! Mashini iliyomwondoa itaendelea kuingiza fedha miaka mingi baada ya siku zile 300 kuliwa.

Tena tusidanganywe kwamba nguvu zetu zimekwisha. Januari 1947 watu wapata 15,000 waliacha kazi Mombasa, na nguvu yao ilikuwa wingi. Leo mwenye kuendesha kreni ni mmoja, lakini akikunja mikono meli nzima husimama. Swali ni kama atakunja mikono kwa ajili ya kibarua aliye chini yake, au atachukua marupurupu yake na kunyamaza. Wengine wamekwisha kunyamaza, nasema wazi.

Kwa hiyo katika mapatano yajayo tutake haya yaandikwe: chama kiarifiwe kabla mashini haijanunuliwa, si siku inaposhushwa, mafunzo yatolewe saa za kazi na kwa mshahara (karakana moja ninayoijua iliwafundisha watu siku zao za mapumziko, bila senti), faida ionekane katika saa chache au mshahara mkubwa, na vibarua wahesabiwe pamoja nasi. Makatibu wa matawi walete idadi ya watu wa kila idara, wa kudumu na wa muda, kabla ya mkutano mkuu. Bila idadi hiyo wajumbe wetu watakaa mezani mikono mitupu.

Mfanya kazi wa Reli, Nairobi