Njia Tambarare Si Lazima Iwe Rahisi

Likizo ikikaribia, familia nyingi mjini hupanga matembezi ya nje. Swali la kwanza huwa nauli, la pili chakula. Linalosahaulika ni hili: je, kila mtu wa nyumba hii ataweza kuipita njia tutakayoifuata? Nyanya mwenye maumivu ya magoti, mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, binamu asiyeona. Asiyefikiriwa mapema ndiye huachwa garini akilinda mikoba.

Wengi hudhani kinachomzuia mtu kama huyo ni mlima. Basi na tutazame mahali pasipo mlima: Sangailu, eneo la Ijara katika kaunti ya Garissa, karibu na msitu wa Boni. Nchi ya huko ni tambarare, na kwa macho tu utasema hata kigari cha mtoto kitapita. Jaribu uone! Mchanga laini humeza yale magurudumu madogo ya mbele. Miiba ya migunga hutoboa mipira. Mkongojo huzama. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata. Ukikauka, hupasuka nyufa. Juu ya yote, jua ni kali na kivuli ni cha kutafuta.

Kwa mwenyeji, hiyo si njia ya burudani. Ndiyo ya kwenda kisimani, shuleni na kwenye zahanati. Isipopitika, mtu hakosi matembezi tu, hukosa masomo na dawa.

Usalama nao ni sehemu ya kipimo, kwani asiyeweza kukimbia ndiye wa kwanza kuhatarishwa. Serikali ilianzisha operesheni ya usalama katika msitu wa Boni Septemba 2015, kwa hiyo anayekwenda kuwatembelea jamaa upande huo aulize kwanza wenyeji na maafisa wa utawala.

Kupima njia hakuhitaji injinia. Chukua utepe wa kupimia, saa na kalamu.

Kwanza, upana. Kanuni za Marekani za mwaka 2013 kuhusu njia za miguu katika ardhi za serikali kuu hutaka kiasi cha sentimita 91. Pima pale penye wembamba zaidi, kati ya vichaka viwili.

Pili, mwinuko. Kwa kanuni hizo, njia inayopanda mita 1 katika kila mita 20 yaweza kuendelea kwa urefu wowote. Ikipanda mita 1 katika kila mita 12, isizidi mita 61 kabla ya mahali pa kupumzikia.

Tatu, ardhi. Simama, ukizungushe kisigino. Kikizama, gurudumu nalo litazama. Tazama pia mizizi na mawe: katika njia isiyowekwa lami wala saruji, kizuizi kisizidi kimo cha sentimita 5.

Nne, kivuli, maji, choo na mahali pa kukaa. Hesabu dakika kutoka kivuli kimoja hadi kingine, kwa mwendo wa yule anayekwenda polepole zaidi.

Ukimaliza, usiandike "njia hii inafaa walemavu." Andika ulichokiona: "Mita 40 za mchanga laini, kisha ardhi ngumu, hakuna kivuli hadi kisimani." Kijana mwenye mikono yenye nguvu ataamua kwenda, nyanya ataamua kungoja. Uamuzi ni wao. Na kama inawezekana, mpimaji mmoja awe mwenyewe mwenye kiti au mkongojo.

Hili si suala la huruma. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa. Wala tiba si ghali kila mara. Katika Nairobi Safari Walk, wageni hupita juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa. Kijijini, kukata miiba, kushindilia changarawe kwenye mchanga na kuweka benchi chini ya mti kunaweza kubadilisha siku ya mtu.

Nanyi wanafunzi, anzeni karibu. Pimeni njia kutoka lango la shule yenu hadi chooni, kisha mpelekeeni mwalimu mkuu hesabu hiyo. Huenda kuna mwenzenu ambaye amenyamaza siku nyingi.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.